Picha ya Bibi Otilia Bado Inatazama Ukuta

Nimestaafu kazi ya kupiga picha nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Najua neno "kustaafu" lina wenyewe, watu wenye mvi na hotuba za kuagwa, na nimelifikiria siku nne kabla ya kuliandika. Nilijaribu "kuacha kazi", likasikika kama nimegombana na mtu. Nikajaribu "kuhama", likasikika kama nimefukuzwa na mwenye nyumba. Basi nimestaafu. Jumatatu ijayo naanza kazi ya afisa mipango katika wilaya nyingine, kazi niliyoisomea chuo kikuu, na studio ya Mama Oska pale Mbinga mjini inabaki kwenu, Editha na Froliani.

Mliniomba niwaandikie maelekezo. Nilianza na jedwali lenye safu saba. Mama Oska aliliona mezani, akalisoma safu mbili, akalitumia kufunikia sufuria ya chai. Kwa hiyo mnapata maneno matupu, bila jedwali.

Sikuingia studio kutafuta kazi. Niliingia kama mteja, nikitaka picha ndogo ya kuambatanisha kwenye maombi ya ajira. Mama Oska alinipiga, nikaitazama, nikaona nimetoka kama mtu anayeficha kitu. Kesho yake nikarudi, nikapigwa nyingine, nikatoka kama mtu aliyekwishakificha hicho kitu na sasa anahesabu madirisha ya kutorokea. Nikarudi tena. Mara ya sita Mama Oska hakuinuka kwenye kiti.

"Kijana, umesomea nini?"

"Mipango, mama."

"Mipango ya nini?"

"Mipango tu, mama. Ya maendeleo."

"Basi wewe Mipango, chukua kile kitambaa ufute lenzi, maana naona unaishi hapa sasa."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Jina la Mipango nimelibeba tangu siku hiyo. Kuna wateja wa vijiji vya Ruanda na Kitai wanaodhani ndilo jina langu la ubatizo.

Mteja wa kwanza niliyeachiwa peke yangu alikuwa mkulima wa kahawa kutoka Ruanda, baba mtu mzima, aliyetaka picha ya kumtumia bintiye aliyeolewa mbali. Nilimkalisha kwenye kigoda. Nikasogeza taa kushoto, kisha kulia, kisha nikairudisha kushoto lakini juu zaidi. Nikapima mwanga kwenye paji la uso, kwenye shavu, kwenye kidevu. Nikaandika. Nilipoinua kamera hatimaye, mzee alikuwa amelala, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi. Mama Oska alitoka chumba cha nyuma, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba, mbuzi wako wameingia kwenye miche ya kahawa ya jirani." Mzee akafumbua macho, akageuka, akatazama moja kwa moja. Mama akachukua kamera mkononi mwangu na kubonyeza mara moja. Kisha akaeleza kwamba mbuzi hawapo, mzee akacheka, Mama akabonyeza tena.

Binti alipiga simu baada ya wiki kusema amelia kwa furaha. Nilimuuliza Mama Oska alijuaje wakati wa kubonyeza.

"Nilijua."

"Lakini kwa dalili gani, mama? Macho? Mabega?"

"Mipango, ukiona mtu unayempenda anakuja njiani, unamtambua kwa dalili gani?"

Nilikwenda nyumbani nikaandika orodha ya dalili kumi na nne. Ninayo bado. Haijawahi kunisaidia.

Vifaa mtavikuta kama nilivyovikuta. Kamera kubwa ina mkanda ulioshonwa na fundi cherehani wa pale stendi, na ni imara kuliko kamera yenyewe. Taa ya pembeni huwaka inapotaka. Msiigombeze mbele ya mteja, maana mteja hudhani anagombezwa yeye. Kigoda kina mguu mmoja mfupi. Nilileta kipande cha mbao cha kuusawazisha, Mama Oska akakitupa. Alisema mtu akikaa kwenye kiti kinachoyumba kidogo, mwili wake unashughulika na kiti na uso unabaki huru. Nilidhani ananitania, mpaka nilipokalia kiti kizima cha studio nyingine mjini.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo ndilo kazi yote. Mama Oska hampigi mtu picha kabla mtu huyo hajampiga yeye. Kila mteja akiingia, awe mtoto wa Komunyo ya kwanza au mkuu wa shule, anapewa kamera mkononi na kuambiwa, "Anza wewe. Nipige mimi." Wengi hucheka, wengine huogopa kuivunja. Wanapiga. Mama hutoka bila kichwa, au linatoka sikio lake na ukuta. Halafu anawaonyesha, wanamcheka, naye anajicheka, na kufikia hapo aibu ya kutazamwa inakuwa imegawanyika nusu kwa nusu. Kisha anauliza swali moja tu: "Picha hii nani ataiona kwanza?" Jibu ndilo linalomwambia ampige vipi. Picha hizo alizopigwa na wateja anazisafisha na kuziweka kwenye droo ya tatu, ile inayokwama. Msizitupe. Kwa miaka mingi mama yule amekusanya picha zake mwenyewe mbovu kuliko mtu yeyote wilayani, na anajivunia.

Mimi niliona desturi hiyo inapoteza dakika sita kwa kila mteja. Nilikuwa nimezipima. Kwa hiyo akiwa hayupo, nilikuwa naruka hatua.

Hapo ndipo anapoingia Bibi Otilia wa Lituhi, kule kando ya ziwa.

Ninyi mnajua, lakini naandika pia kwa atakayekuja baada yenu. Siku ya maziko, mmoja hutangulia na msalaba na mwingine hubeba picha ya marehemu kwenye fremu yenye utepe. Familia nyingi hukumbuka picha asubuhi ileile. Hutujia mbio na kitambulisho, nasi tunakuza uso wenye ukubwa wa kidole gumba mpaka unakuwa kama sahani. Mnajua sura za vitambulisho. Nusu ya watu wazima wa kando ya ziwa wameagwa wakiwa na sura ya kukamatwa.

Bibi Otilia, aliyekuwa amepita miaka themanini na mzima kabisa, hakutaka hilo. Mwanawe Kasiani alitupigia simu akinong'ona. Mama yake anataka kupigwa picha ya jeneza lake mapema, alisema, na tafadhali tusimwambie mtu, maana majirani watasema anajiitia kifo. Mama Oska alikuwa na watoto wa Komunyo wiki nzima. Akanitazama kwa muda mrefu usio wa kufurahisha.

"Mipango, utakwenda wewe. Chukua na fremu kubwa, achague mwenyewe kama inamfaa. Na unisikilize. Yule bibi ana jambo moja tu analoomba, auchague uso wake wa mwisho. Ukirudi na picha ambayo mwenyewe hajaikubali, kamera hii hutaishika tena. Utakata picha ndogondogo kwa mkasi mpaka hiyo ajira yako itoke."

Sikulala vizuri. Niliandika mpango wa kurasa mbili. Saa tatu: salamu. Saa tatu na robo: kukagua mwanga. Na ili kuokoa muda, niliifunga kabisa fremu utepe wa zambarau, na msalaba mdogo wa shaba kwenye kona. Nilifikiria kuifunga fremu kwenye shuka, lakini nikaona kitu kikubwa cha mstatili kilichofunikwa shuka kitawatisha watu njiani. Nikaibeba wazi.

Nilishuka Lituhi asubuhi, fremu kifuani, uso wangu ukiwa vile unavyokuwa nikiwa na wasiwasi, yaani daima. Njiani nikamkuta mama mmoja na ndoo ya maji kichwani.

"Shikamoo mama. Naomba unielekeze kwa Bibi Otilia."

Akaitazama fremu. Akaushika utepe kwa macho, kisha msalaba. Akateremsha ndoo polepole.

"Bibi Otilia amefanyaje?"

Sasa, hapa mtu mwingine angesema "hajambo" na kupita. Mimi nilikumbuka kwamba Kasiani ameomba siri. Nikafikiri kwamba nikisema hajambo, ataniuliza fremu ni ya nini. Nikatafuta jibu ambalo si uongo na halivunji siri ya mteja. Nikalipata, na nikaridhika nalo.

"Samahani mama, mimi siwezi kusema lolote. Familia ndiyo itatangaza. Mimi nimetumwa kuleta fremu tu."

Mama aliweka mikono kichwani. Nikadhani amechoka na ndoo. Nikamshukuru, nikaendelea na safari.

Bibi Otilia alikuwa amekaa barazani, amevaa kitenge cha sare ya akina mama wa parokia, rozari mkononi, ziwa likimetameta nyuma ya nyumba. Alikuwa mwembamba, mwenye kidevu kilichochongoka, na macho yaliyonikagua kabla sijamaliza shikamoo.

"Marahaba. Ndiyo wewe mtoto wa picha? Mbona unaonekana kama wewe ndiye unayezikwa?"

"Ni safari, bibi."

"Kaa. Nikueleze nisichotaka." Akaniambia habari za dada yake, Leokadia. "Leokadia alikuwa anacheka hata padre akihubiri. Siku tunamzika wakaleta picha ya kitambulisho, amekodoa macho kama amekutwa na kuku wa watu. Kanisa zima limemuaga mtu yule. Mimi mwenyewe nilitaka kuuliza, huyu ni nani, na dada yangu yuko wapi? Basi mimi sitaki. Unanielewa?"

"Nakuelewa, bibi."

Nilimwelewa kwa kurasa mbili. Nikamkalisha uani, mahali penye kivuli chepesi, nikapima mwanga kwenye paji la uso. Nilipoinua kamera, alikuwa amefumba macho, kichwa nyuma, mikono imekunjwa kifuani juu ya rozari.

"Bibi, unafanya nini?"

"Si picha ya jeneza?"

"Ndiyo, lakini inatakiwa ikuonyeshe ukiwa hai."

"Basi ungesema mapema. Shingo imeshaniuma."

Mara ya pili alifumbua macho lakini akashikilia pumzi mpaka mishipa ikamtoka. Nikabonyeza, nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera.

"Huyu ni mama mkwe wangu," alisema. "Futa. Hakunipenda."

Nikapiga nyingine. Huyo alikuwa shangazi yake wa Lundo, ambaye naye walikuwa na yao. Nikafuta. Kufikia saa tano nilikuwa nimefuta ukoo mzima. Nilikuwa nausikia mkasi wa studio ukinisubiri. Nikajaribu swali la Mama Oska.

"Bibi, picha hii nani ataiona kwanza?"

Hakufikiri hata kidogo. "Ditrami."

Ditrami alikuwa jirani, mzee wa umri wake, nyumba ya tatu kutoka pale. Kati ya nyumba zao na maji kulikuwa na jiwe moja pana, tambarare, linalopata jua kutwa nzima, jiwe zuri la kuanikia muhogo kuliko yote ufukweni. Bibi Otilia alisema ni la wakwe zake. Mzee Ditrami alisema ni la babu yake. Kwa miaka kumi na moja walikuwa hawasalimiani. Likitokea la lazima, kama mbuzi kupotea, ujumbe ulipitia kwa katekista, ambaye alikuwa amechoka.

"Nikifa, Ditrami atakuwa wa kwanza kufika," bibi alisema. "Atakuja kuhakikisha. Akishahakikisha, jioni yake muhogo uko juu ya jiwe langu. Nataka picha ambayo akiitazama, aone aibu."

Akajaribu kutengeneza uso wa kumwonea mtu aibu. Ulitoka kama jino linamuuma. Akajaribu wa pili. Ulitoka kama jino limeng'oka.

"Haupo," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka. "Labda sina uso. Labda kitambulisho ndicho kilichosema kweli."

Sikuwa na ukurasa wa jambo hilo. Nilimtazama bibi yule, akiwa ametazama chini kwenye rozari yake, nikaona aibu iliyo kubwa kuliko mkasi. Ndipo nikakumbuka zile dakika sita nilizoruka. Nikavua mkanda shingoni, nikamwekea kamera mikononi.

"Anza wewe, bibi. Nipige mimi."

"Niivunje?"

"Ukiivunja nitasema ilikuwa imevunjika."

Nikakaa kwenye kiti chake. Yeye akasimama mbele yangu, akaiinua kamera mpaka ikamfunika uso wote, akabonyeza. Miguu yangu ilitoka vizuri sana. Akaanza kucheka kidogo, akasema nisogeze kidevu, nisikunje midomo, na kwa nini natazama kama naulizwa swali. Alikuwa mkali kuliko Mama Oska. Ilikuwa imebaki kidogo nistarehe.

Ndipo tukasikia vilio.

Vilikuja kwa njia ya kisimani, kwanza kimoja, kisha vingi, kisha watu wenyewe wakaingia uani. Akina mama walikuwa wamefunga khanga viunoni, wengine na unga kwenye beseni, wengine na ndoo za maji. Nyuma yao alikuja katekista na kitabu chake kwapani. Mbele yao wote alikuwa mzee mmoja mrefu mwenye gogo la kuni begani, machozi yanatiririka mpaka kwenye ndevu. Walichokiona uani ni kijana mgeni amekaa kwenye kiti, fremu yenye utepe wa zambarau imeegemea ukuta, na mtu mwingine ambaye uso wake umefichwa na kamera. Bibi Otilia hakuishusha. Nadhani alishituka. Baadaye alisema hakushituka, alikuwa anasubiri.

"Otilia!" mzee yule alilia, akiitazama fremu tupu. "Otilia dada yangu! Umeondoka kabla sijakuambia! Lile jiwe ni lako! Babu yangu mwenyewe aliniambia ni la wakwe zako, nikanyamaza! Miaka kumi na moja naanika ubishi tu, Otilia!"

Kamera ikamgeukia, ikalia *ka*.

Kisha ikashuka taratibu, na nyuma yake kukawa na Bibi Otilia.

"Rudia, Ditrami," alisema. "Kelele zilikuwa nyingi. Katekista hajasikia."

Gogo lilianguka hatua moja kutoka mguu wangu. Mama mmoja akakimbia na beseni lake la unga. Wengine wakapiga ukelele, na katekista, kwa mazoea tu, akaanza ishara ya msalaba, akaishia kifuani bila kujua aendelee na sala gani.

"Otilia," Mzee Ditrami alisema, "wewe hujafa?"

"Nilikuwa na mpango huo. Nimeuahirisha."

"Basi maneno yangu nayarudisha."

"Hayarudi." Akapigapiga kamera. "Yako humu."

Yule mama wa ndoo akaninyooshea kidole. "Ni huyu! Huyu na fremu yake! Nilimuuliza vizuri kabisa, akaniambia familia itatangaza!"

Watu wote wakanigeukia. Nilianza kueleza habari ya siri ya mteja, kwa mpangilio, nikianzia kwenye simu ya Kasiani.

"Mwacheni," Bibi Otilia alisema. "Ni kazi ya kwanza ya maana aliyoifanya leo." Kisha akanitupia kamera mikononi, kweli alinitupia, akakaa kwenye kiti bila kurekebisha kitenge wala rozari, akamtazama Mzee Ditrami aliyekuwa bado amesimama pale mdomo wazi. "Wewe mtoto, nipige. Sasa. Sasa hivi, kabla hajapata maneno mengine!"

Sikupima kitu. Sikutazama mwanga. Nilibonyeza kwa sababu aliyejua amesema sasa.

Nilipoitazama nilijua Mama Oska ataona makosa manne. Ziwa nyuma limekuwa jeupe kabisa, kama shuka. Picha imelala upande. Kuna nusu ya kuku kwenye kona. Na kivuli changu mimi kimeingia chini, na nywele zimesimama. Katikati yake alikuwa mwanamke aliyesubiri miaka kumi na moja akasikia alichotaka kusikia akiwa hai, na aliyekuwa anajaribu kutocheka na anashindwa. Nilimwonyesha nikiwa nimejiandaa kufuta.

Aliitazama. Akaitisha miwani ya Kasiani kutoka ndani, akatazama tena.

"Huyu hapa," alisema. "Huyu namjua."

Kwa kuwa unga ulikuwa umeshaletwa na kuni zipo, akina mama waliona ni upuuzi kurudi navyo. Walipika ugali na samaki wa ziwani, mbasa, na msiba ukaliwa bila maiti. Mzee Ditrami alikaa mwisho kabisa wa ua, mgongo kwetu. Bibi alimpelekea sahani, safari hii bila kumtumia katekista. Nilikuwa karibu nikamsikia.

"Jumanne na Ijumaa utaanika wewe."

"Na Jumamosi?"

"Ditrami, usinichokoze. Picha ninayo."

Nilirudi Mbinga nikampa Mama Oska kamera kwa mikono miwili. Aliitazama picha, akaikuza, akaipunguza. Nilianza kumweleza kuhusu ziwa kuwa jeupe.

"Nani alisema 'sasa'?" aliuliza.

"Yeye, mama."

Akanirudishia kamera. Mimi nilitumia wiki mbili kufikiria kurudishiwa kule kulikuwa na maana gani. Mkasi ulibaki kwenye msumari wake.

Tulimtengenezea bibi picha kubwa. Kasiani alikuja kuichukua na akatuambia baadaye kwamba mama yake ameitundika sebuleni, ila ameigeuza. Inatazama ukuta. Wageni wakitaka kuiona lazima waombe, naye huigeuza kwa dakika moja, huwaacha watazame, kisha huirudisha. "Haijafika zamu yake," husema.

Tangu siku ile sikuruka tena zile dakika sita. Kama kuna kitu kimoja mnachotakiwa kukichukua katika barua hii ndefu, ni hicho, na nimejizuia kukipigia mstari. Nimepigwa picha na watu ambao sikumbuki majina yao: wasio na subira, wenye mikono inayotetemeka, mtoto mmoja aliyepiga pua yangu mara saba. Droo ya tatu sasa inakwama zaidi. Bado sijui dalili. Ila siku hizi mteja anapokuwa tayari, mara nyingi ananiambia yeye mwenyewe, kwa mdomo au kwa bega, na kazi yangu ni kuwa nimenyamaza wakati huo.

Mwaka jana, mvua za masika zilipokwisha, Mzee Ditrami alifariki. Watoto wake walikuja studio asubuhi na kitambulisho. Nilikuwa nimeshakiweka kwenye mashine ya kukuzia simu ilipolia.

"Wewe Mipango," sauti ya Bibi Otilia ilisema, bila salamu. "Usithubutu kumkodoa Ditrami macho. Yangu unayo?"

"Ipi, bibi?"

"Niliyompiga mimi!"

Ilikuwepo, kwenye droo ya tatu. Niliwaonyesha watoto wake nikiwa na hofu. Baba yao alikuwa na gogo begani, machozi kwenye ndevu, mdomo umefunguka wote. Kichwa hakikukatika. Mteja wa miaka themanini na kitu, akishika kamera mara ya kwanza maishani, ndiye aliyepiga picha bora kuliko zote zilizotoka mikononi mwetu. Binti mkubwa aliitazama, akaanza kulia, kisha akacheka katikati ya kulia. "Huyu ndiye baba," alisema.

Niliipeleka mwenyewe. Safari hii niliifunga fremu kwenye shuka, na niliwaambia watu ukweli kila waliponiuliza. Ilipopita nyuma ya msalaba, nilisikia mnong'ono ukipita katika msafara, maana Lituhi nzima ilijua mzee yule alikuwa anasema neno gani mdomo wake ulipofunguka vile. Watu walikuwa wanalia na mabega yanatikisika. Katekista alilazimika kukohoa. Kanisani Bibi Otilia alikaa mstari wa mbele, rozari mkononi, macho kwenye picha.

"Hapo," alimwambia aliyekaa kando yake, kwa sauti ambayo hakuipunguza. "Hapo ndipo alipokuwa anasema kweli."

Kasiani ananiambia muhogo wa mama yake unaanikwa kwenye jiwe siku zote isipokuwa mbili. Jumanne na Ijumaa jiwe linakaa tupu, na mtu akiweka hata nyavu zake juu yake, bibi hutoka nje kumwondoa.

Juzi nilimpigia kumuaga. Nilikuwa nimeandika pembeni mambo ya kusema, ili nisisahau: shukrani, ajira mpya, na swali moja lililokuwa linanisumbua, kwamba ikitokea siku yake nami niko wilaya nyingine, nani atahakikisha picha imebebwa ikiwa imenyooka, na utepe je. Aliniacha nisome mpaka nusu ya ukurasa.

"Mjukuu wangu," alisema, "picha bado inatazama ukuta. Nenda kazini kwako, usinisubiri."